Sosi ya soya iliyochachushwa "kwa dakika tano": cha dakika tano ni kipi hasa?

Maelekezo ya mapishi yanayoahidi "sosi ya soya ya kuchachusha mwenyewe, dakika tano tu" yamezidi sasa. La karibuni nililosoma lilimtaka msomaji achanganye miso (rojo la Kijapani la soya iliyochachushwa), siki na asali, kisha "aiache ichachuke" wakati wali unaiva. Wali unaiva kwa robo saa. Ndani ya robo saa hakuna kinachochachuka isipokuwa hasira za msomaji anayejua habari.

Maana yenyewe ni fupi. Sosi za haraka za soya iliyochachushwa ni michanganyiko ya papo kwa papo ya kumwagia bakuli la wali. Msingi wake ni kitu ambacho tayari kimeshachachushwa: miso ya Japani, doenjang ya Korea (nayo ni rojo la soya), douchi ya China (punje nyeusi za soya), au soya sosi yenyewe. Unakizimua kwa maji, siki au mafuta, unatia utamu kidogo na viungo, basi. Kijiko kimoja cha miso, vijiko viwili vya maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha siki ya mchele, matone ya mafuta ya ufuta, tangawizi iliyokunwa. Koroga kwa uma mpaka mabonge yaishe, mwagia. Ssamjang ya Wakorea ni ya ukoo huohuo: doenjang inachanganywa na gochujang (rojo la pilipili), kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na majani ya kitunguu, na haihitaji hata moto.

Kwa hiyo haraka ni ya kuchanganya. Uchachushaji ulikwisha zamani, mahali pengine, na aliyeufanya si wewe. Mwandishi anayekwambia umechachusha anakuvisha kilemba cha ukoka.

Aliyefanya kazi hiyo, kwa upande wa Japani, ni ukungu uitwao Aspergillus oryzae. Unapandwa juu ya mchele, shayiri au soya iliyopikwa kwa mvuke, ukaachwa kwenye joto na unyevu kwa siku mbili hivi, mpaka punje zifunikwe na utando mweupe wenye harufu inayokaribia ya njugu zilizokaangwa. Hiyo ndiyo koji. Wajapani wanauheshimu ukungu huo kiasi kwamba mwaka 2006 chama chao cha wataalamu wa utengenezaji pombe kiliutangaza kuwa kuvu wa taifa. Koji ikishaiva inasagwa pamoja na soya iliyochemshwa na chumvi, inashindiliwa chomboni hewa isibaki, inawekewa uzito juu, na kuachwa.

Kuachwa huko ndiko wengi wanakokudharau, na kazi yote iko humo. Ukungu wenyewe hufa mapema kwa sababu ya chumvi na kukosa hewa, lakini vimeng'enya ulivyoviacha vinaendelea. Vingine vinakata protini ya soya kuwa vipande vidogo zaidi na zaidi mpaka asidi amino, vingine vinakata wanga kuwa sukari. Mojawapo ya asidi amino hizo ni ya glutamiki, na ile ladha nzito ya kujaza kinywa ambayo mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga kutoka kwenye mwani wa kombu mwaka 1908 ni glutamati hiyohiyo. Bakteria na hamira zinazostahimili chumvi nazo zinaingia, zinatoa uchachu kidogo, pombe kidogo, harufu. Sukari na asidi amino zinakutana polepole na kuleta rangi ya kahawia. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi unayoweza kuiamuru ifanyike wali unapoiva.

Muda ndio unaotofautisha miso moja na nyingine. Miso nyeupe ya Kyoto ina koji nyingi na chumvi kidogo, karibu asilimia 5, na wiki chache zinaitosha. Ndiyo maana ni tamu, laini na haikai sana. Miso nyekundu ina chumvi ya asilimia 11 hadi 13, na inakaa mwaka au zaidi. Miso ya Hatcho inayotoka Okazaki, mkoani Aichi, inatengenezwa kwa soya na chumvi bila mchele wala shayiri, kwenye mapipa makubwa ya mbao yaliyokandamizwa kwa mawe yaliyopangwa kama kichuguu, na hukaa humo zaidi ya misimu miwili ya joto na miwili ya baridi. Ni nyeusi, ngumu, na ina ukakasi kidogo. Mtu anayekwambia "tumia miso yoyote" hajawahi kuweka hizo mbili ulimini kwa siku moja.

Wakorea wana njia yao. Soya inachemshwa, inapondwa, inafinyangwa kuwa matofali yaitwayo meju, yanakaushwa na kuning'inizwa kwa majani makavu ya mpunga. Humo wanaingia bakteria wa Bacillus subtilis na ukungu wa aina mbalimbali kutoka hewani na kwenye majani yenyewe. Baadaye matofali yanazamishwa kwenye maji ya chumvi ndani ya mitungi ya udongo. Baada ya siku 40 hadi 60 kimiminika kinatenganishwa na kuwa ganjang, soya sosi yao, na mabaki mazito yanapondwa na kuachwa yaendelee kuiva mpaka yawe doenjang. Mtungi mmoja, vitu viwili. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni huu wa kutengeneza jang, yaani sosi na rojo hizi za Kikorea, kwenye orodha yake ya urithi usioshikika, na sidhani waliongozwa na maelekezo ya dakika tano.

Nikiri haki ya upande wa pili: uchachushaji wa haraka wa soya upo. Natto ya Japani inakuwa tayari kwa takriban siku moja kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Cheonggukjang ya Korea inachukua siku mbili au tatu. Tempe ya Indonesia, inayofungwa na nyuzi za ukungu wa Rhizopus mpaka inakuwa kama tofali jeupe, inachukua siku moja hadi mbili. Lakini tazama zote zina nini kwa pamoja. Zinachachushwa bila chumvi, zikiwa bado punje, na si sosi ya kuzimua. Chumvi ndiyo inayochelewesha miso na doenjang, na chumvi hiyohiyo ndiyo inayozuia zisioze katika miezi yote hiyo. Ukitaka haraka unaiondoa chumvi, na ukiiondoa chumvi unapata kitu kingine kabisa, chenye harufu nyingine na kisichokaa.

Sasa lile linaloniudhi zaidi, kwa sababu hapa kosa la lugha linageuka kuwa kosa la chupa. Ipo soya sosi ambayo kweli inatengenezwa kwa siku chache, na hiyo haijachachushwa hata kidogo. Unachukua mabaki ya soya iliyokamuliwa mafuta, unayachemsha kwa saa nyingi ndani ya asidi ya hidrokloriki mpaka protini ivunjike, kisha unaipooza asidi kwa sodiamu kaboneti. Unachuja, unatia rangi ya karameli, sharubati ya mahindi na chumvi. Asidi imevunja protini ile ile ambayo vimeng'enya vya koji vingeivunja kwa miezi sita, kwa hiyo glutamati imo na ulimi unaitambua. Kinachokosekana ni kila kitu kingine: pombe, harufu za hamira, uchachu wa bakteria, utamu wa ngano. Onja tone moja bila wali. Ya koji inapiga chumvi kwanza, halafu inafunguka na kubaki kinywani. Ya asidi inapiga chumvi, inapiga tena chumvi, halafu inaacha ladha bapa ya karameli iliyoungua kidogo.

Tena kuna suala la 3-MCPD. Kichafuzi hiki kinazaliwa pale asidi ya hidrokloriki inapokutana na mafuta yaliyosalia kwenye soya, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha maikrogramu 20 kwa kilo ya soya sosi. Kiwanda makini kinaweza kukidhibiti, kwa hiyo simtishi mtu asile. Ninachokataa ni chupa hiyo kuitwa "ya kuchachushwa".

Wenyewe hawachanganyi. Lebo za Korea zinatofautisha yangjo ganjang, iliyochachushwa, na sanbunhae ganjang, ya asidi, na katikati ipo honhap ganjang, mchanganyiko wa hizo mbili. Japani wana honjozo kwa ile iliyochachushwa kikamilifu. Kama husomi Kikorea wala Kijapani, soma orodha ya viambato: maji, soya, ngano, chumvi, pengine na pombe kidogo, ni dalili njema. Ukiona protini ya mimea iliyovunjwa kwa hidrolisisi, karameli na sharubati ya mahindi, umeshajua umeshika nini.

Kosa la tatu nitalipita mbio: doubanjiang. Watu wanaiorodhesha kama "rojo la soya lenye pilipili". Ile maarufu ya Pixian, mkoani Sichuan, msingi wake ni maharage mapana na pilipili, na baada ya kuchachuka mwaka mmoja au zaidi bado haijageuka kuwa soya. Ni tamu juu ya wali, sina ugomvi nayo. Ukitaka soya ya Kichina ya kutia kwenye sosi ya haraka, chukua douchi, zile punje nyeusi zilizochachushwa na kutiwa chumvi. Ni za zamani kiasi kwamba zilikutwa kwenye kaburi la karne ya 2 KK huko Mawangdui, Changsha. Zisuuze, zikatekate, zikaange kidogo kwenye mafuta na kitunguu saumu, tia maji kidogo na sukari, mwagia.

Mtu atauliza, kwani kuna ubaya gani, si ni jina tu? Ubaya unaonekana kwenye bakuli. Anayeamini kwamba yeye ndiye anayechachusha anatia chumvi, kwa kuwa uchachushaji unahitaji chumvi. Lakini kijiko kimoja kikubwa cha miso nyekundu kina takriban gramu 2 za chumvi tayari, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mwingine anaichemsha sosi "ikolee", na ile harufu iliyokusanywa kwa mwaka inapanda na mvuke. Miso inatiwa mwishoni, moto ukiwa umezimwa. Doenjang ina kifua zaidi, inavumilia kuchemka, na Wakorea huichemsha kwenye supu kila siku.

Hata vimeng'enya vinaweza kukuumbua. Miso isiyopashwa moto kiwandani, ambayo mara nyingi huuzwa kwenye jokofu, bado ina vimeng'enya hai vya kukata wanga. Ukiwa umefanya sosi yako nzito kwa unga wa mahindi, ukaiacha ipoe, halafu ukakoroga miso hiyo ndani, jioni itakuwa nzito na ya kung'aa, na kesho yake utaikuta majimaji chini ya bakuli. Hapo, kwa kweli, kuna kitu kimeendelea usiku. Lakini ni mabaki ya kazi ya koji yanayokula unga wako, na hukuyahitaji.

Kubwa kuliko yote ni la kuiacha mezani. Miso ndani ya kopo lake ina chumvi ya kutosha kujilinda. Ukishaizimua miso nyekundu, kijiko kimoja kwa viwili na nusu vya maji na siki, chumvi imeshuka hadi asilimia 3 na ushei, na juu yake pengine umetia kitunguu saumu kibichi na mafuta. Kitunguu saumu kibichi kilichozama kwenye mafuta kwenye joto la chumba ni mahali panapojulikana pa kuotesha bakteria wa sumu ya botulinamu. Siki inasaidia, ila si kwa kiasi kile kidogo cha kwenye maelekezo mengi.

Kwa hiyo ukikuta sentensi inayosema "iache ichachuke usiku kucha", isome kama "ifunike, iweke kwenye jokofu, itumie ndani ya siku tatu nne". Kesho yake itakuwa na ladha iliyotulia zaidi, kwa sababu tangawizi na kitunguu saumu vimelowa vizuri. Na ukiwa ndiwe unayeandika maelekezo, andika tu "sosi ya haraka ya miso", utaje ni miso gani, na dakika tano zako zibaki dakika tano.