Siku za kungoja kwenye dawa ya mbatata ni nini hasa

Siku za kungoja ni ule muda ambao mkulima lazima auache upite kati ya siku aliyopiga dawa ya wadudu mara ya mwisho na siku anayochimba mbatata zake. Kwenye chupa ya dawa utaona herufi PHI halafu namba, 7 au 14 au 21, hizo ndo siku zenyewe. Lebo ikisema 14 na dawa imepigwa leo basi jembe lisiguse shamba mpaka wiki mbili ziishe, hata kama broka ameshafika na lori liko hapo nje lamngoja.

Naandika hii manake hapa Mombasa watu wakianza kuongea habari ya sumu kwenye chakula swali huwa moja tu, ati hizi mbatata zimepigwa dawa au hazikupigwa. Hilo swali halitufikishi mahali. Mbatata za soko letu la Kongowea nyingi sana zatoka bara, Nyandarua, upande wa Molo, Meru, Narok, sehemu za baridi na mvua, na mkulima wa kule asiyepiga dawa yoyote utamtafuta kwa tochi. Cha kuuliza ni dawa gani, na ilipigwa mara ya mwisho lini, hayo mawili ndo yanaamua sahani yako ya viazi karai ya jioni imebeba nini.

Kwanza tutenganishe kitu ambacho watu hukichanganya sana. Dawa inayopigwa mara nyingi zaidi kwenye mbatata kule bara si ya wadudu, ni ya kuzuia bakajani chelewa, ule ugonjwa ambao mvua ikishika waweza kukausha shamba zima kwa siku chache tu. Hiyo ni dawa nyingine kabisa, dawa ya wadudu haifanyi kitu kwa bakajani, na ya bakajani haimuui mdudu. Lakini kwa sababu kubeba pampu ya lita 20 mgongoni kupanda kilima na kushuka ni kazi nzito, wakulima wengi huzichanganya wakapiga zote mara moja. Sasa hapo kila dawa yaja na siku zake, na sheria ni kufuata ile yenye siku nyingi zaidi, yaani kama ya wadudu ni 7 na ya bakajani ni 14, wangoja 14.

Wadudu wenyewe ni wengi, kuna sota wanaokata shina usiku, kuna nzi weupe, kuna wale wanaochora njia ndani ya jani, lakini wawili ndo wa kuwajua. Wa kwanza ni vidukari, wale wadogo wa kijani wanaojipanga chini ya jani wakinyonya, na ubaya wao mkubwa si kunyonya, ni virusi wanavyobeba toka mmea huu hadi ule, na mbatata ikishaingiwa na virusi hakuna dawa ya kuitibu, mbegu ya msimu ujao yatoka na ugonjwa tayari. Wa pili ni nondo wa mbatata. Huyu hutaga mayai kwenye majani au kwenye mbatata yenyewe iliyochungulia juu ya udongo, kiwavi akitoka atoboa njia ndani, na haishii shambani, aendelea mpaka stoo mpaka guniani, na kwa joto letu hili la pwani azaana haraka kuliko kule baridini. Ukimenya mbatata ukakuta kijitundu karibu na jicho, na uchafu mweusi umejaa hapo mlangoni, ukikata ndani waona vijia vya kahawia vimezunguka, huyo ndo yeye. Kata utupe hiyo sehemu, gunia hilo litumie mapema na usiliweke karibu na mengine. Na huyu apungua sana bila dawa yoyote mkulima akipandishia udongo vizuri mbatata zisionekane juu, kazi ya jembe tu.

Dawa zafanya kazi kwa njia tofauti na hapa ndo siku za kungoja zinapoanza kueleweka. Kuna ya kugusa, inabaki juu ya jani na kumuua mdudu anayeikanyaga au kuitafuna. Kuna inayopenya jani ikatokea upande wa chini lakini haitembei mbali. Na kuna inayoingia kwenye mishipa ya mmea ikasafiri nao, hata ukiiweka kwenye udongo siku ya kupanda mizizi yaivuta na kuipandisha hadi majani ya juu, kidukari akinyonya tu amekwisha. Zile za kugusa nyingi ni za kundi la pairethroidi, zilitengenezwa maabara kwa kuiga sumu iliyoko kwenye maua ya pareto, pareto hii hii inayolimwa Kenya, kwa sababu ya asili yavunjika upesi mno ikipigwa na jua na watu walitaka inayodumu kidogo. Zinazosafiri ndani ya mmea zinazojulikana sana ni za kundi la neonikotinoidi, kama imidaklopridi na thiamethoksamu, ambazo Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kutumika nje mashambani mwaka 2018 ili kuwalinda nyuki.

Mtu atasema, sasa mbatata si iko chini ya udongo, dawa ya kwenye majani itaifikia vipi? Ni kweli kiasi. Mbatata yapata dawa kidogo kuliko sukumawiki ambayo wala lile lile jani lililopigwa, na dawa nyingi zinazosafiri zafuata maji kwenda juu, si chini. Lakini ile iliyowekwa kwenye udongo imelala pale pale mbatata inapokua, mvua yashusha ya kwenye majani, mbatata zilizochungulia zapigwa moja kwa moja, na zipo dawa chache zinazoshuka pamoja na sukari ya mmea mpaka chini. Kwa hivyo udongo wasaidia, ila haufuti siku za kungoja.

Ndani ya hizo siku dawa yavunjika. Jua laivunja iliyo juu, vijidudu vya udongo vyaila iliyo chini, mmea wenyewe waisaga, na mbatata inavyozidi kunenepa kile kiasi kilichoingia chasambaa kwenye nyama nyingi zaidi. Na haiishi siku moja, yapungua nusu kwa nusu. Tuseme kwa mfano wa hesabu tu, dawa fulani yapungua nusu kila siku 5 na siku ya kupiga ilikuwa 100. Siku ya 5 imebaki 50, ya 10 imebaki 25, ya 15 imebaki 12 na nusu. Lebo ikisema ngoja 15 na mtu akachimba siku ya 5, huyo hakukosea kidogo, ametuletea dawa mara 4 ya ile iliyotakiwa ibaki. Ndo maana mimi siwezi kukubali yale maneno ya "siku mbili tatu si kitu", siku za mwanzo ndo zinazobeba uzito wote.

Na kuna wanaosema mbatata zikishapanda lori mpaka zifike Mombasa, zilale soko siku mbili, dawa si itakuwa imeisha? Hapana. Siku zahesabiwa mpaka kuchimba, hazihesabiwi mpaka kuuza. Ndani ya gunia hakuna jua, hakuna mmea unaoisaga, kuvunjika kwaenda polepole sana, huwezi kumlipia mkulima deni la siku 10 kwa safari ya lori. Hata kule shambani baridi ikiwa kali dawa yachelewa kuvunjika kuliko kwenye joto.

Namba ya kwenye lebo yapatikana kwa kupima. Dawa yapigwa kwenye mashamba ya majaribio kwa kipimo cha juu kinachoruhusiwa, mbatata zachimbwa siku tofauti tofauti zapelekwa maabara, waangalia ni siku gani mabaki yameshuka chini ya kiwango kinachokubalika kwenye chakula. Hicho kiwango nacho chaangaliwa dhidi ya kile ambacho mtu aweza kula kila siku maisha yake yote bila madhara, ambacho kwa kawaida hupatikana kwa kuchukua kipimo kisichowadhuru wanyama wa maabara halafu kukigawanya kwa 100. Kwa mataifa yote kazi hiyo yasimamiwa na Codex, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, na hapa Kenya dawa lazima isajiliwe na PCPB, bodi ya kusimamia dawa za wadudu iliyoundwa na sheria ya mwaka 1982. Na usajili ni kwa zao. Dawa iliyosajiliwa kwa maua ya waridi mtu akiipiga kwenye mbatata, hata ikiua wadudu wote, hakuna siku za kungoja za kufuata manake kwa mbatata hiyo namba haipo kwenye lebo.

Lebo hiyo hiyo ina vitu viwili vinavyochanganywa na siku za kungoja. Kimoja ni muda wa kutoingia shambani baada ya kupiga, huo ni wa kumlinda mfanyakazi asiguse majani mabichi ya dawa, na huwa mfupi, mara nyingi siku moja hivi. Kingine ni ule mkanda wa rangi chini ya lebo, nyekundu, njano, buluu au kijani. Rangi yaeleza sumu ilivyo kali kwa anayeishika, nyekundu ndo hatari zaidi. Haielezi siku. Dawa ya mkanda wa kijani yaweza kuwa na siku za kungoja nyingi kuliko ya njano, kwa hivyo mtu asikwambie "hii ni kijani" ukaridhika.

Sasa nije kwa kitu ambacho sisi wanunuzi twaweza kukiona kwa macho. Mkulima anayefanya kazi sawa, mbatata zikikomaa hukata majani yote yakabaki mashina, halafu aziacha chini kama wiki mbili ndo achimbe. Afanya hivyo ili ngozi ikaze, mbatata isichubuke njiani na isioze. Na ndani ya hizo wiki mbili hakuna majani ya kupigia dawa, kwa hivyo siku za kungoja za dawa nyingi zapita zenyewe bila mtu kuzihesabu. Ukienda Kongowea chukua mbatata moja, bonyeza kidole gumba kwenye ngozi usukume pembeni. Ngozi ikitoka kama karatasi lililolowa, ukaona nyama nyeupe inang'aa, hiyo ilichimbwa ikiwa bado changa, majani yakiwa hai juu yake. Ngozi ikishika na kidole kikateleza, ilingojewa. Haithibitishi kama kuna dawa au hakuna, hilo ni la maabara, lakini yakuonyesha kama kulikuwa na haraka shambani, na haraka ndo inayokula siku za kungoja.

Hiyo haraka yajulikana yatoka wapi. Shangi ndo mbatata inayotawala soko, yakomaa haraka, kama miezi mitatu, na yachipua haraka pia kwa hivyo haikai stoo. Bei ikipanda, tuseme karibu na Ramadhan huku pwani kila nyumba yataka za katlesi na bajia, broka apiga simu bara, mkulima naye ana karo na deni la mbolea, zachimbwa na majani yake. Simlaumu sana yule mkulima, bei ya leo ikimpita kesho hairudi.

Jambo jingine linaloharibu ni usugu. Dawa ya aina moja ikipigwa tena na tena, wadudu wachache wanaoihimili ndo wanaobaki kuzaana, mwisho dawa haiui, mkulima aongeza kipimo na kurudia kila wiki mpaka mwisho wa msimu, na ile ya mwisho yaangukia karibu na kuchimba. Mfano mkubwa uko Marekani, kwa yule mende wa Colorado, ambaye kwetu hayupo. Aliingia kwenye mbatata zao kwenye mwaka 1859, wakampiga kwa sumu ya arseniki, baadaye DDT ambayo kufikia miaka ya 1950 mwanzoni ilishaanza kushindwa, na leo kuna dawa zaidi ya 50 ambazo ameonyesha kuzihimili sehemu moja au nyingine. Kinachosaidia ni kubadilisha kundi la dawa. Kubadilisha jina la kwenye chupa tu hakutoshi, kwani chupa mbili za rangi tofauti zaweza kuwa na dawa ile ile ndani, na mtu wa agroveti ndo wa kuulizwa hilo.

Jikoni fanya haya. Osha na maji yanayotiririka ukisugua, halafu menya, kumenya kwatoa sehemu kubwa ya dawa iliyoko kwenye ngozi. Iliyoingia kwenye nyama haitoki kwa kisu wala kwa kuosha, na usiyategemee mafuta ya moto yaimalize. Mbatata za mbegu usile kabisa hata ukiuziwa rahisi, manake za mbegu huweza kutiwa dawa za unga ambazo hazikukusudiwa chakula.

Na kwa wenye hoteli na akina mama wa viazi karai wanaoagiza magunia moja kwa moja toka bara, nyinyi ndo wenye nguvu zaidi kuliko mteja wa kilo mbili. Unapoweka oda usiulize bei peke yake, mwambie msambazaji wataka majani yakatwe wiki mbili kabla ya kuchimba na akutajie dawa ya mwisho ilikuwa gani na ilipigwa lini, mkubaliane bei mapema ili mkulima asiogope kungoja, na lori likifika fungua gunia la katikati, si la juu, ujaribu ngozi kwa kidole kabla hujalipa.