Kuku wakikoroma masika, anza na banda

Masika yakiingia, wafugaji wengi wa Malindi hushusha maturubai pande zote za banda ili kuku wasirowe. Haipiti muda, maafisa wa mifugo wanaanza kupigiwa simu: kuku wanakoroma usiku, mmoja amevimba uso, jicho limefumba, puani anatoka ute unaonuka. Swali huwa moja tu, nimpe dawa gani?

Uso uliovimba na ule uvundo mara nyingi ni mafua makali ya kuku, yanayoletwa na bakteria aitwaye Avibacterium paragallinarum. Dalili hutokea siku 1 hadi 3 tu baada ya kuambukizwa. Mkoromo unaoendelea wiki nenda wiki rudi, vifo vichache, mayai yanapungua, hapo tunamshuku bakteria mwingine, Mycoplasma gallisepticum. Huyu ndiye msumbufu hasa. Hupitia kwenye yai hadi kwa kifaranga, na kwa kuwa hana ukuta wa seli, penisilini haimfanyi kitu. Antibiotiki iitwayo tailosini hutuliza dalili, lakini kuku aliyepona hubaki na vijidudu na kuwaambukiza wenzake. (Wakifa wengi kwa ghafla, au shingo zikipinda, huenda ni kideri (Newcastle) au hata mafua ya ndege, mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.)

Sasa rudi kwenye turubai. Ndani ya koo la hewa la kuku mna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute juu pamoja na vumbi na vijidudu. Hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Matandiko yakilowa, kinyesi hutoa hewa kali ya amonia, turubai huizuia isitoke, na amonia huvidhoofisha vinyweleo hivyo. Hapo bakteria E. koli, ambaye yumo katika matumbo ya kuku na vumbi la kila banda, hushuka hadi kwenye mifuko ya hewa. Ukimpasua kuku asiye mgonjwa, mifuko hiyo ni myembamba na inaonyesha kama nailoni. Ya mgonjwa ina ukungu, na ina uchafu wa manjano ulioganda.

Kuipima amonia hakuhitaji maabara. Ingia bandani alfajiri, chuchumaa kimo cha kuku, vuta pumzi. Macho yakikuwasha, wao wameumia tayari. Ondoa matandiko yaliyolowa, kinga upande wa kusi kwa chini, na juu, chini ya paa la makuti, paachwe wazi hewa ipite.

Kifaranga huzaliwa na kinga ya mama kutoka kwenye kiini cha yai, lakini hupungua sana ndani ya wiki 2 au 3. Gumboro, ugonjwa wa virusi, ikimkuta, huharibu kiungo kinachokuza seli za kinga, na chanjo nyingine hazimshiki vizuri. Chanjo ya kideri ikitiwa jichoni huamsha tezi iliyo nyuma ya jicho, na kinga ikajengeka pale pale virusi vinapoingilia. Ukiivusha kwa boti kutoka Mokowe, bara, kwenda Lamu au Faza visiwani, iweke kwenye kasha la barafu. Mfukoni joto litaidhoofisha.

Kuku wanaokoroma wasichanjwe kwa chanjo hai mpaka wapone, kwa sababu husumbua koo lile lile lililokwisha kuumia. Na mayai ya kuku waliopewa antibiotiki yasiuzwe wala kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zipite.