Kubadilisha bomba la oksijeni wagonjwa wakiwa wodini: dhana potofu na ukweli

"Fungeni vali dakika kumi tu, oksijeni iliyobaki kwenye bomba itawatosha."

Haitawatosha. Bomba la shaba la milimita 22 hubeba takriban lita 0.32 kwa kila mita, kwa hiyo mita 100 ni lita 32. Kwa presha ya bar 4, ukiliacha liishe kabisa, unapata kama lita 128. Wodi ya wagonjwa 12 wanaotumia wastani wa lita 5 kwa dakika inakula lita 60 kila dakika. Bomba zima limekwisha kwa dakika mbili, na mashine za kupumulia zimeshapiga kengele mapema, maana hazingoji presha ifike sifuri.

Na hizo dakika kumi zenyewe ni za mdomoni. Vali ambayo haijaguswa miaka mingi hufunga nusu nusu, nawe huwezi kuchomelea bomba linalovuja oksijeni. Au inafunga vizuri, halafu inagoma kufunguka. Mchoro wa jengo nao usiuamini: vali iliyoandikwa "Wodi 3" huenda inalisha pia chumba cha watoto njiti kilichoongezwa baadaye. Panda darini, lifuate bomba kwa macho yako mpaka mwisho.

Siku moja kabla ya kazi, pita kitanda kwa kitanda na muuguzi wa zamu, soma kila flomita, yaani kipimo cha mtiririko wa oksijeni, jumlisha. Zidisha kwa muda unaodhani utatumia, kisha uongeze mara mbili. Lita 60 kwa dakika ni 3,600 kwa saa. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 haufikishi saa mbili. Kazi ya saa tatu iandalie lita 21,600, yaani mitungi minne, ilishwe kwenye bomba la wodi baada ya vali kama pana tundu la dharura. Kama halipo, kila kitanda kiwe na mtungi wake, rejuleta yake (kifaa cha kushusha presha ya mtungi) na spana yake. Spana ya kuazimana wodi nzima haifai. Wagonjwa wahamie kwenye mitungi kwanza, ndipo vali ifungwe, na ruhusa aitoe muuguzi kiongozi, si fundi.

"Tufanye usiku, kumetulia." Kumetulia kwa nani? Mgonjwa wa oksijeni anaitumia usiku kama mchana. Waliopungua ni wauguzi, na stoo ya mitungi imefungwa. Anza saa nne asubuhi, madaktari wakishapita wodini, na kamwe usianze Ijumaa.

"Geji inasoma bar 4, oksijeni imerudi." Hii ndiyo inayoua. Bomba jipya hupimwa uvujaji kwa naitrojeni, na geji haijui gesi; inajua presha tu. Baada ya kusafisha bomba kwa oksijeni, chukua kipima usafi wa oksijeni, nenda kwenye kila tundu la ukutani, kila moja, bila kuruka. Gesi ya mtungi isome asilimia 99 au zaidi, ya mtambo unaochuja oksijeni kutoka hewani isishuke chini ya 90. Ikisoma 21 umeunganisha bomba la hewa. Ikikaribia sifuri, hiyo ni naitrojeni, na wodi haifunguliwi.

"Oksijeni ya mtambo ni hafifu." Asilimia 93, ikipanda au kushuka 3, inakubalika kwa tiba. Imeisha hiyo.

"Umeme ukikatika jenereta ipo." Jenereta ikishika, mtambo bado unahitaji dakika kadhaa kurudisha usafi. Mitungi ya akiba ijifungue yenyewe presha ikishuka, asisubiriwe mlinzi mwenye ufunguo. Tena kama kinachobadilishwa ni paneli ya chenjiova, ile inayohamisha umeme kutoka gridi kwenda jenereta, umeme wa jenereta utapitia wapi?

"Shaba ni shaba, mchomeleaji yeyote anaweza." Bomba la gesi tiba huja limeoshwa kuondoa mafuta na kuzibwa ncha, na huchomelewa huku naitrojeni ikipita ndani polepole. Bila hivyo, moto huacha magamba meusi ndani, yanayobanduka taratibu na kuziba vichujio na flomita miezi kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshaondoka. Chagua kiungo kimoja wewe mwenyewe, kikatwe mbele yako kabla hujasaini malipo. Ndani kikiwa cheusi kama sufuria ya kuni, kazi yote irudiwe.