Nyumba janja, tokeni zile zile: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukifunga vifaa janja, bili ya stima inashuka.

Kifaa janja, yaani plagi, swichi au balbu unayoiamuru kwa simu, hujua kazi moja tu: kuzima kitu ambacho kingebaki kikila stima bure. Ushauri mwingi wa mtandaoni umetoka nchi za baridi kali, ambako akiba kubwa hupatikana kwa kudhibiti joto la nyumba nzima. Nairobi hatupashi nyumba joto, hata Julai ikituuma, tunavaa sweta. Kwetu pesa huishia bafuni. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 60 hula takriban yuniti 2.4.

Dhana: Kuzima na kuwasha hita ya maji hula stima zaidi kuliko kuiacha ikiwaka.

Sivyo. Kadiri maji yanavyozidi hewa kwa joto ndivyo tangi linavyopoteza joto haraka, na temostati (kidhibiti joto) huliwasha tena na tena hata kama wote wako kazini. Hita ya kilowati 3 hupasha hizo lita 50 kwa dakika 50 hivi. Ya kilowati 1.5, saa moja na dakika 40. Watu wakioga saa kumi na mbili asubuhi, ile ya kilowati 3 iwake saa kumi na moja na izime saa kumi na mbili. Ila temostati iache kwenye nyuzi 60: maji ya vuguvugu yanayolala kwenye tangi hufuga bakteria.

Dhana: Plagi janja yoyote inabeba hita.

Hapa ndipo soketi huungua. Kwa volti 240, kilowati 3 ni ampea 12.5, na plagi nyingi za bei nafuu ni za ampea 10. Hata iliyoandikwa 16 bado inachomekwa kwenye soketi ya ampea 13. Ukiona plastiki inageuka kahawia au kunusa harufu yake, chomoa. Hita inataka swichi janja ya ampea 20 au zaidi, au kontakta (swichi nzito inayoendeshwa kwa umeme) ndani ya bodi ya stima, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Kabla ya kununua swichi ya ukutani, mwambie afungue boksi la swichi iliyopo ukutani aangalie kama kuna waya wa nyutro (unaorudisha umeme). Nyumba nyingi hazina hapo, na swichi nyingi janja haziwaki bila huo waya.

Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 huvuta ampea 23, na haina cha kupangiwa saa kwa sababu hula stima maji yakitiririka tu. Watu wanne, dakika nane kila mmoja kila siku, ni karibu yuniti 88 kwa mwezi. Dawa yake ni kupunguza dakika.

Dhana: Kufua usiku ni nafuu.

Stima ya nyumbani hapa Kenya haina bei ya usiku. Kinachobadilisha bei ni kundi lako: hadi yuniti 30 kwa mwezi, 30 hadi 100, na zaidi ya 100, kwa wastani wa miezi mitatu. Anayetumia 110 akishuka hadi 95 na kukaa hapo, bei ya kila yuniti inashuka. Lenga hapo.

Dhana: Balbu janja kila chumba.

Balbu janja ikiwa imezimwa bado hula kama nusu wati ikisubiri amri, yaani yuniti 0.36 kwa mwezi. Ile ya stoo, wati 9 kwa nusu saa kila siku, hula 0.135 ikiwaka. Kungoja kunaishinda kazi. Stoo iwekee LED ya kawaida.

Friji usiipangie saa, chakula kitaharibika. Dekoda ya wati 12 isiyozimwa ndiyo ya kuzimwa: yuniti 8.6 kwa mwezi.

Dhana: Ratiba ikishawekwa, imewekwa.

Stima ikipotea na kurudi, vifaa vingine hujiwasha. Kwenye programu ya simu, chagua kifaa kibaki kimezimwa stima inaporudi. Kisha chomoa ruta, ungoje saa ya ratiba ifike. Hita isipowaka, ratiba inakaa kwenye intaneti badala ya swichini, na intaneti ikikatika hita iliyowaka haitapata amri ya kuzima.