Kadi ya Posta ya Bunge la Berlin: Namna ya Kujua Umri Wake

Watu wanaotuletea kadi za posta za zamani huuliza kwanza: hii ni ya mwaka gani? Kadi moja ina tarehe tatu: ya kupigwa picha, ya kuchapwa, na ya kutumwa. Zinaweza kupishana kwa miaka mingi, kwa sababu picha iliyouzika wachapishaji waliirudia tena na tena.

Chukua kadi ya Reichstag, jengo la Bunge la Ujerumani mjini Berlin, lililosanifiwa na Paul Wallot na kukamilika mwaka 1894. Picha nyingi zimepigwa kutoka magharibi, penye uwanja ulioitwa Königsplatz. Tazama juu ya nguzo za lango kuu. Je, yapo maneno „Dem deutschen Volke“, yaani „Kwa watu wa Ujerumani“? Herufi hizo ziliwekwa mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikiendelea, na shaba yake ilitoka kwenye mizinga iliyotekwa zamani katika vita dhidi ya Napoleon. Kwa zaidi ya miaka 20 jengo lilikaa bila maandishi hayo. Kisha shusha macho hadi uwanjani. Sanamu ya Bismarck, chansela wa kwanza wa Ujerumani, ilizinduliwa hapo mwaka 1901. Ukiiona, na juu ya nguzo hakuna maneno, picha ilipigwa kati ya 1901 na 1916. Sanamu hiyo ilihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya moto wa usiku wa Februari 27, 1933 kuliharibu jengo. Kuba la kioo wanalopanda watalii leo ni kazi ya Norman Foster, la mwaka 1999. Usilichanganye na kuba la kwanza, linaloonekana kwenye kadi za zamani.

Rangi usiziamini. Kadi nyingi za wakati huo zilitokana na picha nyeusi na nyeupe, rangi zikatiwa kiwandani, pengine na mtu asiyewahi kufika Berlin.

Sasa geuza kadi. Ujerumani iliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari, nusu ya ujumbe na nusu ya anwani, mwaka 1905. Uingereza ilitangulia mwaka 1902, Marekani ikafuata mwaka 1907. Kabla ya hapo upande huo ulikuwa wa anwani tu, ndiyo maana salamu za zamani zimebanwa pembeni mwa picha. Stempu nayo husema: ile yenye kichwa cha Germania, mwanamke anayewakilisha Ujerumani, iliandikwa „Reichspost“ (Posta ya Dola) kuanzia 1900, na kuanzia 1902 ikaandikwa „Deutsches Reich“ (Dola la Ujerumani). Muhuri wa posta huonyesha siku ya kutumwa tu.

Kwa msomaji wa Tanzania, kadi hii si ya mbali. Bajeti za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilijadiliwa ndani ya jengo hilo. Desemba 1906, Maji Maji ikiwa bado haijazimwa huku kwetu, bunge lilivunjwa kwa mvutano juu ya fedha za vita vya Afrika Kusini-Magharibi, koloni la Kijerumani ambalo leo ni Namibia.

Ukiwa nayo, usibandue stempu, usiunge mpasuko kwa gundi ya karatasi, wala usiifunge katika plastiki ya kuyeyushwa kwa moto. Ukiipiga skani, piga pande zote mbili. Wengi hutuletea upande wa picha peke yake, na hapo nusu ya ushahidi imebaki nyumbani.