Je, wajua kwa nini wlan0 haihami peke yake?

Linux inaweza kuugawa mtandao wa kompyuta moja katika nemspesi kadhaa, yaani vyumba vilivyotengana, kila moja na violesura vyake (milango ya mtandao), anwani zake na njia zake, bila kuona za mwenzake. Kadi ya waya huhamishwa kwa amri moja: ip link set eth0 netns ofisi (eth0 ni kadi hiyo, ofisi ni jina la nemspesi). Iandike amri hiyohiyo kwa wlan0, jina la Wi-Fi, na kerneli, kiini cha Linux, itakataa.

Wengi hulaumu draiva au ruhusa za root. Kosa ni kudhani kwamba wlan0 ndiyo kadi ya Wi-Fi. Siyo. Kadi yenyewe, yaani redio, huitwa phy0. wlan0 ni kiolesura kilichojengwa juu yake, na redio hiyohiyo yaweza kubeba vingine: kimoja kinajiunga na ruta, kingine kinarusha hotspot, kingine kinasikiliza tu. Ni kama pampu ya umwagiliaji yenye mipira mitatu. Ukivutia mpira mmoja shamba la jirani na pampu ikabaki kwako, nani ataamua maji yavutwe kisima kipi? Redio nyingi hukaa kwenye chaneli moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kiolesura kimoja kikihama chaneli, vyote vinaguswa. Ndiyo maana hubebwa pampu nzima na mipira yake:

iw phy phy0 set netns name ofisi

Njia hii ilifunguliwa na kazi ya Johannes Berg, mtayarishaji wa Wi-Fi ya Linux, mwaka 2009. Draiva zinazotumia mac80211, sehemu ya kerneli inayoshughulikia Wi-Fi, huikubali. Zile zinazojitegemea hutofautiana, hivyo ijaribu kwanza.

Baada ya hapo, iw dev, amri ya kuorodhesha violesura vya Wi-Fi, kwenye nemspesi ya mwanzo haionyeshi kitu. Redio haijafa. Soketi ya programu, yaani njia yake ya kuzungumza na kerneli, hubaki na nemspesi ilimofunguliwa, kwa hiyo iw na wpa_supplicant (programu ya kujiunga na Wi-Fi) zianzishwe kwa ip netns exec ofisi.

Sasa jambo la ajabu zaidi. Ukiingia kwenye nemspesi kwa amri ya nsenter na kubadili mtandao pekee, iw dev inaiona wlan0, lakini iw phy phy0 info haipati kitu! Jina phy0 hutafutwa ndani ya /sys, folda ambamo kerneli huonyesha vifaa, na /sys unayoiona bado ni ya nemspesi ya zamani. ip netns exec huipandisha upya. Au andika phy#0: hapo iw huichukua namba moja kwa moja, bila kupitia /sys.

Nemspesi ikifutwa, redio hurudi yenyewe kwenye nemspesi ya mwanzo. Violesura vya veth, yaani vya kubuni visivyo na kadi, vilivyokuwa humo hupotea nayo.