Mrudisha mpira: macho kwanza, mikono pili, miguu mwisho

Anayeitazama futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza hudhani mrudisha mpira, yule anayedaka mpira uliopigwa na wapinzani na kukimbia nao kuelekea upande wao, analipwa kwa mbio. Mbio wanazo wengi. Mimi nikimpima mchezaji wa nafasi hii, miguu naiangalia mwisho.

Mpira humjia kwa njia mbili. Pigo la kuanzia hufungua kila nusu ya mchezo na hufuata kila timu inapofunga. Pigo la kusalimisha huja pale timu iliyotumia majaribio matatu bila kusogea yadi 10 inapoona heri iupige mpira mbali kuliko kuhatarisha jaribio la nne. Hili la pili ndilo gumu. Mpira uliopigwa vizuri husafiri kama yadi 45, yaani mita 41, na kukaa hewani sekunde nne na nusu hivi. Muda huo unawatosha wakabaji, yaani wachezaji wa timu iliyopiga, kukufikia ungali unatazama juu.

Soma ncha. Mpira huu ni kama yai lililochongoka pande zote mbili. Ncha ya mbele ikiinama unapoanza kushuka, bado una safari, rudi nyuma. Ncha ikibaki imeelekea juu, utaanguka mapema, kimbilia mbele. Mpigaji wa mguu wa kushoto huuzungusha kinyume, nao hupepea kuelekea upande usiouzoea. Wengi huumbuka hapo.

Kudaka ni viwiko karibu na mbavu, viganja juu, mpira ulale kifuani kama mtoto. Kosa kubwa ni kushusha macho kuwatazama wakabaji kabla mpira haujatulia. Ukiugusa ukakuponyoka, wapinzani wanaruhusiwa kuulalia na ukawa wao, ila hawawezi kukimbia nao. Usipougusa kabisa, unabaki wa timu yako. Kwa hiyo mpira unaodunda karibu na miguu yako ukimbie kama nyoka. Januari 2012, fainali ya kanda kati ya San Francisco 49ers na New York Giants, mpira wa namna hiyo ulimgusa goti Kyle Williams, Giants wakauchukua. Kwenye muda wa ziada akapokonywa mwingine, Giants wakashinda 20 kwa 17 na kwenda Super Bowl, fainali kuu ya ligi.

Mlinzi wa mrudishaji ni mkono wake mwenyewe. Akiupunga juu ya kichwa kabla ya kudaka, haruhusiwi kukimbia, na hakuna anayeruhusiwa kumgonga. Mashabiki huzomea, makocha hawajali. Kanuni ya mazoezini: simamisha visigino yadi ya 10 kutoka mstari wa goli lako, na mpira ukikupita nyuma uache, huenda ukaingia eneo la mwisho, lile lililo nyuma ya mstari huo, na timu yako ikaanzia yadi ya 20. Ukishaudaka na kuamua kukimbia, kata mara moja tu, kisha panda moja kwa moja. Anayecheza ngoma pale katikati hukamatwa na wale waliochelewa kufika.

Kazi yenyewe ni finyu. Kikosi cha NFL, ligi kuu ya Marekani, kina watu 53, na siku ya mechi hawazidi 48 wanaoruhusiwa kucheza, hivyo ni nadra timu kumweka mtu wa kurudisha tu. Cordarrelle Patterson, mwenye rekodi ya tachidauni 9 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) za pigo la kuanzia, alidumu kwa sababu alicheza pia kama mpokeaji wa pasi, baadaye kama mkimbiaji.

Devin Hester ndiye mfano ninaoupenda. Chicago Bears walimchagua wa 57 mwaka 2006. Msimu huo, dhidi ya Giants, aliudaka mpira wa goli lililokosewa, yaani uliopigwa kulenga milingoti ukakosa, akiwa ndani kabisa ya eneo la mwisho, akapiga hatua mbili tatu za uvivu kana kwamba ameachana nao, kisha akachomoka yadi 108. Februari 2007 akarudisha pigo la kwanza la Super Bowl yadi 92. Bears walifungwa hata hivyo, na wapinzani wao, Colts, wakaacha kumpigia mipira mirefu. Misimu yake miwili ya kwanza ilimpa tachidauni 11 za kurudisha katika mechi za ligi, ukiacha ile ya goli lililokosewa. Kisha Bears wakamgeuza mpokeaji wa pasi wa kudumu, na mwaka 2008 na 2009 hakurudisha hata moja. Kwa maoni yangu walimtumia shoka kukatia nyanya. Alimaliza na 20 kwa jumla, akaingia Ukumbi wa Umaarufu, unaoenzi magwiji wa mchezo huu, mwaka 2024.

Mwaka huohuo sheria ya pigo la kuanzia ilibadilishwa. Wakabaji kumi sasa husimama yadi ya 40 ya timu inayopokea, na hawatoki mpaka mpira uguse ardhi au mchezaji. Ukiangukia kati ya mstari wa goli na yadi ya 20, lazima uchezwe. Mwaka 2025, pigo lililopitiliza hadi eneo la mwisho bila kudunda likaanza kuipa timu inayopokea nafasi ya kuanzia yadi yake ya 35, ambayo ni zawadi kubwa. Wapigaji wakajibu kwa mipira ya chini, isiyozunguka, inayodunda ovyo karibu na yadi ya 5. Mrudishaji wa leo inabidi ajifunze kuokota mpira unaoruka kama panzi, wakabaji kumi wakisubiri tu udunde ndipo wafyatuke.